Mpaka Uliohamia Mlangoni

Mpaka kati ya shamba la cucu yangu na la mzee jirani ulikuwa maua. Haukuwa seng'enge wala ukuta, maua tu. Cucu ni nyanya, ndivyo tunavyomwita huku Nyeri, na maua yenyewe ni itoka, yale yenye kitunguu kikubwa chini ya ardhi na majani mapana kama mikanda. Mvua ikinyesha yanatoa ua jeupe lenye mistari ya waridi. Wazee wetu waliyachagua kwa sababu hayafi. Ukiyakata yanaota. Kiangazi kikija majani yananyauka na kupotea kabisa, unadhani hakuna kitu, kumbe kitunguu kimelala tu kikingoja mvua. Mtu wa kwetu akiona itoka imepangwa mstari kwenye nyasi, anajua hapo jembe lake halivuki. Hakuna anayefundishwa. Ni kama kujua kwamba moto unachoma.

Hakuna anayefundishwa, na hapo ndipo mambo yetu yalipokorogeka. Lakini wacha nianze na kitalu.

Shule niliimaliza kwa alama ambazo mama hakuwahi kuzionyesha mgeni. Sikuumia sana, maana tayari nilikuwa na mpango wangu: nitauza miche ya avokado kuanzia Nyeri hadi nizunguke Mlima Kenya wote. Nilikuwa nimeshachora kichwani gari la kijani lenye picha ya jani mlangoni. Gari sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni kipande cha shamba la cucu kule juu, karibu na barabara, ambako mfereji wa maji unapita. Hapo nilitandika neti ya kivuli, nikajaza udongo kwenye karatasi nyeusi za plastiki, nikaanza. Kila msimu kitalu kilinenepa kidogo. Cucu alikuwa akipita anasema, "Hawa watoto wako wamekula leo?" Nami namjibu wamekula na kunywa, wamebaki kuimbiwa. Na kweli niliiimbia.

Kaka yangu anafanya kazi ya ujenzi Nanyuki, na alioa msichana wa Bungoma. Akamleta akae nasi nyumbani. Huyo shemeji yangu alibadilisha nyumba yetu, kwa sababu Kikuyu hakukijua, na ikabidi sisi wote tuingie kwenye Kiswahili, hata cucu. Kiswahili cha cucu ni cha kutembea na magongo. "Kuja, mtoto yangu, kiti yako iko hapa." Shemeji akacheka, cucu akacheka, na kufikia mavuno ya kahawa walikuwa wanaenda sokoni Karatina wameshikana mikono kama wanafunzi.

Shemeji alikuwa mtu wa kupendezesha vitu. Alipaka jiko chokaa, alishona vitambaa vya viti. Siku moja akaniambia, "Shem, hii nyumba ni nzuri lakini mbele iko uchi." Nikamwambia mbele hakuna shida, hakuna anayepita huko. Na ni kweli. Kwetu mlango wa mbele, ule wa sebuleni, ni wa wageni. Sisi wenyewe tunapita kijia cha nyuma, tunaingilia jikoni. Ule wa mbele unafunguliwa Krismasi, siku ya posa, na siku kuna mtu wa kanisa. Siku nyingine kiti kinaegemezwa hapo kwa ndani na hakuna anayekumbuka kuna mlango.

Basi, kiangazi kile mzee jirani akaleta nguzo.

Huyu mzee na cucu ni watu wa rika moja. Wamekuwa majirani tangu wakiwa vijana. Kila asubuhi mzee angesimama upande wake na kuita, "Mama, umeamka au nianze kuchimba kaburi?" Na cucu angejibu kutoka jikoni, "Chimba, uingie uone kama linakutosha!" Halafu cucu anamimina vikombe viwili vya chai, kimoja anakipeleka hadi penye itoka, na wanakunywa kila mmoja amesimama kwake. Ndivyo nilivyowakuta nilipozaliwa.

Sasa mzee alikuwa amenunua ng'ombe wa maziwa na alitaka kuzungushia shamba seng'enge. Akapanda na nguzo zake hadi juu, akatafuta itoka, akakosa. Hakukuwa na majani, hiyo ni kawaida ya kiangazi, lakini alipochimba kidogo kwa panga kuona vitunguu, vilikuwa havipo. Udongo ulikuwa laini, umeguswa. Akaangalia kitalu changu kilichonenepa. Akaangalia tena udongo. Kisha akapima kwa hatua zake kutoka kwenye mti wake wa mukima, akasimamisha nguzo, na nguzo zikapita ng'ambo ya kitalu changu. Yaani miche yangu yote ikawa ndani ya shamba lake.

Nilikuta cucu ameshafika. Nitayaandika kwa Kiswahili, lakini yalisemwa kwa Kikuyu, tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Hiyo nguzo inaenda wapi, mzee?"

"Kwenye mpaka."

"Mpaka gani? Hapo ni kwangu!"

"Basi nionyeshe itoka."

Cucu akainama, akapekua nyasi. Akapekua tena mbali kidogo. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umeng'oa," akasema.

"Mimi? Mwenye kitalu kinachotembea ni nani? Kila mvua kinasogea kwangu kama konokono!"

"Umezeeka mbaya wewe."

"Na wewe umezeeka na shamba la watu."

Mzee akarudi kushindilia nguzo yake. Shemeji alikuwa amekuja na kikapu, akasimama kando asielewe kitu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shem, wanagombania nini?"

"Mpaka. Umeng'olewa."

"Woi, poleni." Akatazama huku na huku. "Kwetu mpaka ni mkonge. Ukiung'oa unachomwa mikono, kila mtu anakujua." Akanishika bega, akarudi nyumbani kunipikia uji. Ni mimi na yeye tu tungeweza kumaliza kesi siku hiyo, na hakuna aliyejua.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Wiki chache kabla nilikuwa nimeunganisha miche ile, yaani nimekata kichwa cha mche wa kienyeji na kufunga juu yake kikonyo, kijitawi kichanga cha avokado ya kuuza nje. Mche kama huo ni kama mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Humsogezi. Ukimtikisa, kikonyo kinakauka. Na hata ningeihamisha, ningeipeleka wapi? Maji na barabara vilikuwa pale tu. Kaka alipopigiwa simu alisema ziking'olewa nguzo usiku mmoja mambo yataisha. Nilimwambia hapana. Nilikuwa na hasira lakini sikutaka kuanza biashara yangu kwa kuvunja kitu cha mzee aliyenibeba mgongoni.

Nikaenda mjini kwa wakili.

Niliambiwa kuna wakili mmoja mama ambaye Jumatano asubuhi anasikiliza swali moja la mtu bila malipo. Ofisi yake iko juu ya duka la misumari na mabati la familia ya Kihindi. Mzee wa duka aliniona nikitafuta ngazi. "Wakili? Panda juu," akasema bila kuinua macho kutoka kwa mizani. "Ni ya ardhi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kula kwanza."

Kwenye benchi nilikaa kati ya mwendesha boda aliyevunjwa mguu na pikapu, na mama mwenye kibanda cha mboga mtaa wa Majengo. Mlango wa wakili ulikuwa mwembamba, kila swali la mtu lilikuwa la benchi nzima. Mwenye boda aliambiwa aripoti polisi kama hajaripoti, ajaziwe fomu yake ya majeraha, atunze kila karatasi ya hospitali, na asitie sahihi karatasi yoyote ya bima ambayo hajasomewa akaelewa. Akatoka anachechemea, anatabasamu. "Nilikuwa nataka kutia sahihi jana," akatuambia. "Kalamu ndiyo ilikataa kuandika." Mama wa Majengo yeye mwenye nyumba alikuwa amemwekea kufuli lake juu ya kufuli la kibanda. Tulisikia wakili akisema hawezi kumfungia hivyo tu bila ilani na bila amri, kwamba kuna baraza la mambo ya kodi za biashara linalosikiliza hayo. Mama akapiga kelele ya furaha. "Ati hawezi? Rudia hiyo, mama, nirekodi!"

Zamu yangu ilipofika nilieleza haraka haraka, na nikaeleza pia kuhusu gari la kijani, ambalo halikuwa na uhusiano. Wakili alinisikiliza yote. Alikuwa na kikombe cha chai kilichopoa na viatu vya chini alivyovivua chini ya meza.

"Nguzo umezigusa?" akauliza.

"Hapana."

"Usiziguse. Usipande kitu kipya, usichimbe, piga picha palivyo. Na kesi usiwaze sasa. Korti haisikilizi mgogoro wa mpaka kabla msajili wa ardhi hajaja kuuangalia na kuamua. Andikeni maombi ofisi ya ardhi, yeye ataita pande zote mbili."

"Si ana ramani? Ramani si itasema?"

"Kwa mashamba kama yenu ramani inaonyesha mpaka unapita wapi kwa jumla tu. Haikuambii kwa inchi. Atakuja na mpimaji, lakini ataangalia pia alama zilizoko chini, na atawasikiliza wanaopajua."

"Alama ndiyo imepotea."

Akavaa viatu vyake. "Itoka?" akauliza, kwa sababu naye ni wa huku. Nikaitikia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuku ameruka hadi mbinguni. "Itoka haipotei, kijana. Iko mahali. Na mkipatana, muandike. Hasa mkiwa marafiki."

Tuliomba, tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikonimaliza. Cucu aliendelea kumimina vikombe viwili kila asubuhi, mkono ulikuwa umezoea. Alikitazama kile cha pili, kisha akamwambia shemeji, "Kunywa hii, mtoto yangu, ni ya ziada." Upande wa pili mzee aliita ng'ombe wake kwa sauti kubwa kupita kiasi ili tujue yupo. Mimi nilimwagilia miche nikiwa nimeinama nisione nguzo. Vikonyo vilianza kutoa vijani vidogo vyekundu, na badala ya kufurahi niliihesabu miche kama mtu anayeiaga.

Siku ya msajili ilipangwa. Siku kadhaa kabla yake nilikuwa Kianyaga kutafuta vikonyo vingine kwa mkulima mmoja, maana ndoto zangu hazijui kungoja kesi. Huko ndiko mvua ilinikuta. Ilinyesha kama iliyokuwa imefungiwa. Nilirudi jioni ya kuamkia siku hiyo nimelowa, nikaingilia jikoni kama kawaida, nikalala.

Asubuhi cucu alivaa kilemba chake cha kanisani. Wali wa pishori wa Mwea ulikuwa motoni, maana hata mtu anayekuja kukukatia shamba hawezi kuondoka na njaa. Shemeji alikuwa na haraka ya ajabu, anachungulia dirishani, anacheka peke yake. Gari la ardhi likasimama langoni. Akashuka msajili, mama mwenye gambuti na mwavuli, na mpimaji akiwa na mkoba wake. Mzee jirani naye akaja na koti lake jeusi, akasimama langoni bila kusalimia, ameitupia nyumba mgongo.

"Fungua ya wageni," cucu akaniambia.

Nikaondoa kiti, nikavuta mlango. Ulikuwa umevimba kwa mvua, ukafunguka kwa kishindo.

Kuanzia kizingitini hadi karibu na lango, pande zote mbili za njia, itoka zilikuwa zimechanua. Maua meupe, mistari ya waridi, yametoka ardhini bila hata jani, yamelowa, yanang'aa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo nyumbani kwetu. Kwa muda kidogo nilisahau kabisa maana yake.

"Cucu, shangaa!" shemeji akapiga makofi. "Nilificha tangu kiangazi! Niliyaona yakichanua nilipoolewa, nikajua haya ndiyo maua ya kupokea wageni. Nikayachimba kule juu yakiwa yamelala. Umependa?"

Cucu alikuwa ameshika fremu ya mlango. Msajili alitazama maua, akamtazama mpimaji, na mpimaji akageuka akaangalia mlima, mabega yakimtikisika.

Aliyeanza ni mzee jirani. Alitoa sauti kama pampu ya baiskeli, akaketi kwenye jiwe la langoni, akacheka hadi kofia ikaanguka.

"Mama!" akaita. Kwa Kiswahili, ili msichana asikie. "Kumbe ulinihurumia! Umeleta mpaka kwa mlango. Sasa hii nusu ya sebule ni yangu. Na kiti ya mtu wa kanisa iko upande gani?"

"Nyamaza wewe!" Lakini cucu naye alikuwa ameshaanza. Alicheka ameinama, kilemba kikamteleza.

Shemeji ndiye hakucheka. Nilimweleza kwa maneno machache itoka ni nini kwetu, na nikaona rangi ikimtoka usoni. "Ni mimi?" akasema. "Shem, ile siku ya nguzo, ilikuwa ni mimi?" Akaanza kulia, akitaka kuyang'oa maua yote pale pale kwa mikono. Cucu akamwahi, akamkumbatia kwa nguvu.

"Wewe hapana na makosa. Sisi ndio hatukusema. Tulikuambia jina ya ng'ombe, jina ya mlima, hii tukasahau." Halafu akamtazama mzee juu ya bega la msichana. "Na mimi nilisema ni wewe uling'oa."

"Na mimi nilikuita konokono," mzee akasema.

"Konokono ulimwita huyu kijana."

"Basi kijana anisamehe."

Msajili akakohoa kistaarabu, akamgeukia shemeji. "Mama, unaweza kutuonyesha ulipochimba?"

Shemeji alipanguza macho, akatangulia. Tukapanda wote nyuma yake hadi juu, kwenye matope. Hakuhitaji hata kukumbuka, kwa sababu itoka ni itoka. Alichukua vile vitunguu vikubwa, lakini vile vidogo vinavyozaliwa pembeni alikuwa amevikata na jembe na kuviacha, na mvua ilikuwa imeviamsha. Katikati ya nyasi kulikuwa na ulimi wa kijani, hatua chache mbele mwingine, na mwingine, umenyooka kama uzi. Mpimaji akavuta utepe wake, akafungua ramani, akalinganisha na mti wa mukima na kona ya barabara. Alichukua muda.

Uzi wa kijani ulishuka kutoka barabarani, ukapita chini ya neti yangu, ukakata kitalu katikati.

Nguzo za mzee zilikuwa zimevuka kuja kwetu. Na mimi, kweli, kama konokono, nilikuwa nimevuka kwenda kwake kiangazi kile, wakati hakukuwa na jani la kunizuia. Msajili aliamua hivyo hivyo, kwa sauti ya ofisi, na kuandika: mpaka ni hapa. Upande wa cucu palikuwa na mbegu na miche michanga. Upande wa mzee palikuwa na ile iliyounganishwa, yenye vijani vyekundu.

Nilisema nitaihamisha.

Mzee akasogea, akainama kwa shida, akaangalia mche mmoja na ile plastiki niliyoufunga shingoni.

"Huyu anaumwa?"

"Anapona, guka," nikamjibu, yaani babu.

"Ukimtoa?"

"Atakufa."

Akageukia mteremko wake. "Mimi ng'ombe wangu hawapandi huku juu, ni mbali na zizi. Nilikuwa naziba mpaka tu kwa sababu niliudhika haupo." Akajinyoosha. "Wakae hapo. Kodi yangu ni miche. Kila mwaka unanipandia ile mteremko yangu mpaka ijae, na mimi nikifa avokado zinabaki."

Nilitaka kumrukia. Badala yake, nikamkumbuka wakili na viatu vyake vilivyo chini ya meza. "Guka, tuiandike," nikasema. "Si kwamba sikuamini."

"Ooo!" akageukia wengine. "Amesoma!"

"Mwache," cucu akasema. "Tuiandike."

Tuliandika juu ya meza ya sebuleni, tukila pishori, mlango wa mbele ukiwa wazi. Msajili alisema hiyo si kazi yake, lakini alituambia tuweke kipande ni kipi, kwa muda gani, na nini kitatokea mmoja wetu akiondoka au akitaka kuuza. Mzee alitia kidole gumba, akakipangusia kwenye kitambaa cha shemeji.

Jumamosi iliyofuata nyumba zote mbili zilirudisha itoka juu. Shemeji ndiye aliyeshika kamba ili mstari unyooke, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda hata kitunguu kimoja bila yeye kukubali. Mawili aliyabakisha mlangoni, moja kila upande. Mzee alikuja kuyakagua na kutoa ruhusa, na siku hizi akija anaingilia mlango wa mbele, tena bila kubisha, akidai ni njia yake ya zamani.

Vikombe viwili vimerudi kwenye kazi yao. Mimi asubuhi naanza kumwagilia kwetu, naruka mstari, namalizia kwa mzee. Wateja wakija mvua ikiwa imenyesha, wanaiona ile safu nyeupe inayopita katikati ya avokado, wanaipenda kuliko miche yenyewe.

"Na haya maua unauza pesa ngapi?"

"Hayo hapana," nawaambia. "Hayo hata mimi nimekatazwa kuyagusa. Chagua avokado."

Na shemeji, akiwa karibu, huwaelezea mwenyewe kwa nini. Huwa anaanzia mbali kabisa, kwenye mkonge wa Bungoma.